Miguu Sita, Minane, Kumi

Katika kaunta buku niliyoitunza maabara kwa miaka minne kuna ukurasa mmoja tu wenye mwandiko usio wangu. Ni mstari mmoja wa wino wa buluu, herufi kubwa zilizolala kushoto, katika safu ya mwisho niliyoiita “Aliyethibitisha”. Katika kurasa nyingine zote safu hiyo ina sahihi yangu fupi. Kaunta buku hiyo ninayo bado, na nikiishika hujifungua yenyewe pale, kwa sababu ukurasa ule uliwahi kulowa maji ukakauka ukiwa umejikunja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Mwanza, kwenye mteremko ambao ukisimama dirishani unaona mabati ya soko kuu na, nyuma yake, kipande cha ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuhesabu mirija kila kipindi kikiisha, na kuifungia spiriti kabatini isije ikanywewa. Sikuwa mwalimu, na shule yangu mwenyewe iliishia kidato cha nne. Lakini nilipenda kujua kitu kilivyo hasa, na nilipenda mambo yakae kwenye mistari.

Siku moja alikuja mtafiti wa buibui kutoka Dar es Salaam akaazima meza yetu kwa wiki tatu. Alikuwa akikusanya habari za buibui na jamaa zao: nge, kupe, utitiri wa kuku, na wengine ambao sikuwa nimewahi kuwasikia wakiitwa kwa jina lolote. Alipoondoka aliniachia lenzi ya mkono, kibanio, kaunta buku mpya na sharti moja: nisiandike nilichoambiwa kana kwamba nimekiona. Mtu akija kusema ameona buibui wa ajabu, niandike ni nani aliyeona, wapi, lini, miguu mingapi, na kama mdudu mwenyewe ameletwa au hakuletwa. Nikishamwona mimi kwa macho yangu, ndipo nijaze safu ya mwisho. Kila baada ya miezi mitatu nilimtumia nakala kwa posta.

Nilibandika tangazo sokoni, posta na kwenye mlango wa maabara. Watu walikuja kuliko nilivyotarajia. Mchuuzi mmoja wa sangara alileta buibui “mkubwa kama sahani” ndani ya mfuko wa plastiki. Lilikuwa gamba la kaa lililokauka. Fundi cherehani wa Igoma alileta buibui mdogo wa kijani aliyetaga kwenye kasha lake la nyuzi, akaniomba nikimaliza nimrudishie, maana alishamzoea. Wavuvi walileta buibui wakubwa wa kijivu waliokimbia juu ya maji kwenye magugu maji, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuziba ghuba. Kisha gazeti moja jipya, mojawapo ya yale yaliyochipuka kila wiki enzi zile, likaandika kwamba buibui wa kuua ameingia nchini ndani ya mabelo ya mitumba. Wiki ile nilipokea chupa kumi na saba. Wote kumi na saba walikuwa buibui wale bapa wa ukutani, wanaoishi nyuma ya kalenda katika kila nyumba ya Mwanza. Niliwaandika wote, mstari kwa mstari, na sikuwahi kuchoka.

Jumatatu moja mwanzoni mwa mvua za vuli alikuja mama mmoja wa makamo akiwa amebeba karai tupu la mchicha. Alivua kandambili mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyochakaa.

“Shikamoo, mama,” nilimwambia.

“Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa buibui?”

“Mimi si mwalimu, mama. Nahudumia maabara.”

“Basi, mwalimu, nimekuja na shida.”

Alikaa kwenye kigoda kirefu cha maabara, miguu ikining'inia, akanieleza. Alikuwa mjane, anaishi ng'ambo ya Usagara, upande wa barabara ya kwenda kivukoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mwamba mkubwa wenye ufa, na ndani ya ufa ule maji yalichuruzika mwaka mzima, yakaingia kwenye kisima kidogo alichokijengea mawe yeye na marehemu mumewe. Majirani wote walichota pale. Yeye alimwagilia mchicha aliokuwa akiuza mjini. Mwaka ule ndama walianza kufa. Wawili walikuwa wake, watatu wa majirani, wote kwa homa na kuvimba tezi chini ya masikio. Kila mfugaji alijua hiyo ni ndigana, na kila mfugaji alijua ndigana huletwa na kupe.

“Sasa shemeji yangu amewaona,” alisema. “Ndani ya ufa, juu ya maji yangu.”

Shemeji huyo alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya kuogesha ng'ombe katika josho la serikali mpaka josho lilipofungwa na yeye akapunguzwa kazini. Siku hizi alizunguka na baiskeli akiuza dawa za mifugo. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye ufa akakuta wadudu bapa, wa kahawia, wameganda kwenye jiwe. Akatangaza kwamba ni kupe wa aina mpya, wamejificha mwambani tangu josho likauke, na usiku hushuka kuwapanda ng'ombe wanaokuja kunywa. Majirani waliacha kuchota siku hiyo hiyo. Walikuwa wakienda lambo lililo mbali, na maji yake yalikuwa tope. Jumamosi shemeji angemwaga dawa ya josho ndani ya ufa.

“Na maji yanatoka humo humo,” nilisema.

“Humo humo. Nikamwambia, shemeji, ukimwaga pale umemwaga kisimani. Akasema mvua mbili zikinyesha kisima kitajisafisha. Nikamuuliza, na mpaka hizo mvua mbili tunywe nini? Akasema afadhali kiu kuliko ndigana.” Alilaza karai magotini. “Mwalimu, nikikubali, sina maji na sina mchicha. Nikikataa, ndama mwingine akifa watasema ni kisima changu kinaua. Nataka karatasi yenye mhuri iseme wale si kupe.”

“Wewe umewaona?”

“Nimewaona.”

“Wana miguu mingapi?”

“Sita.”

“Una hakika?”

“Nilimwona akitembea. Sita. Jirani yangu anasema minane, naye anaapa. Shemeji anasema kumi.”

Niliandika yote matatu kwenye safu moja. Ilikuwa mara ya kwanza mdudu mmoja kupewa hesabu tatu. Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, pale watu wanapofunga chenji, akatoa kitu kama uzi mweusi wenye viungo vingi. Nilikipima kwa rula: sentimita kumi na moja.

“Hiki ni nini?”

“Mguu. Nilimpiga na ufagio, akauacha.”

“Mguu wa kupe haufiki hivi, mama.”

“Ndiyo maana nimekuja.”

Nilimweleza sharti langu: bila kumwona mdudu siwezi kuandika chochote, seuze kugonga mhuri. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama muuzaji aliyekataa kupunguza bei, akaondoka na karai lake.

Jumatano alirudi. Safari hii alikuwa na kopo la mafuta ya kula, na ndani yake mdudu akielea kwenye mafuta ya taa. Mafuta ya taa si kitu cha kuhifadhia mdudu; alikuwa ameachana viungo kama kiti kilichotoka gundi. Nilimpanga kwenye sahani ya kioo. Kiwiliwili kilikuwa bapa, karibu upana wa kifuniko cha soda. Miguu iliyobaki imeshika ilikuwa sita. Pembeni kulikuwa na vipande vyenye miiba ambavyo sikujua vilikaa wapi. Nilikwenda kwenye kitabu cha zamani cha zuolojia kilichokuwa kikishikilia dirisha la stoo lisifungwe na upepo, nikakuta mchoro usiozidi kidole gumba: mdudu bapa, mikono yenye miiba, na nyuzi mbili ndefu zikitoka mbele. Chini yake jina la Kilatini na neno moja la maelezo kwamba ni jamaa wa buibui. Basi.

Niliamini kwamba si kupe. Lakini si mimi niliyetakiwa kuamini. Nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba mhuri.

“Mhuri wa shule si wa wadudu,” alisema, kisha akaweka kalamu chini, maana naye alikuwa mtu wa kupenda kujua. “Umewaona lakini?”

“Nimeona mmoja, amekufa, kwenye mafuta ya taa.”

“Basi hujaona. Nenda ukaone, uandike, uniletee. Ukija na kilichoonwa nitagonga.”

Alikuwa ananirudishia sharti langu mwenyewe. Kurudi maabara nilimkuta mama bado amekaa kwenye kigoda. Nikamwambia nitakuja Jumamosi.

“Shemeji anamwaga Jumamosi,” alisema.

“Nitakuja asubuhi.”

Jumamosi basi la Shinyanga lilichelewa kuondoka, na nilishuka Usagara jua limeshapanda. Mama alikuwa akinisubiri njia panda amesimama, si ameketi. Hakunisalimu. “Ameshafika,” alisema, akatangulia mbio mbio, nami nyuma yake na mkoba wenye kaunta buku, tochi, lenzi, mrija wa kupimia na chupa tupu ya asali iliyotobolewa kifuniko.

Mwamba ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, umegawanyika katikati. Kivulini, kando ya kisima, mzee mwembamba alikuwa amekaa juu ya jiwe akipangusa domo la bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Miguuni pake kulikuwa na chupa mbili za soda zilizojaa dawa, zimezibwa kwa vigunzi vya mahindi. Alivaa koti la kazi la buluu lililofuliwa mpaka likawa karibu jeupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa adabu, akaniuliza habari za mjini na za kazi, na ndipo akasema:

“Shemeji yangu huyu ananiambia unahesabu miguu.”

“Naandika tu watu walichoona, mzee.”

“Basi andika na hili, binti. Mimi nimeogesha ng'ombe tangu wewe hujazaliwa. Mama huyu anasema sita. Jirani anasema minane. Wewe ukasikia watu wamechanganyikiwa. Mimi nikasikia kupe. Kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita. Akinyonya akabadili ngozi, anapata minane. Muulize mwalimu wako yeyote.”

Hapo ndipo nilipobanwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ilikuwa imeandikwa hata kwenye kitabu changu. Mtu asiyejua kupe asingeweza kukosea namna ile. Ilihitaji mtu aliyewaangalia kwa miaka mingi.

“Na kumi je, mzee?” nilimuuliza. “Wewe mwenyewe ulihesabu kumi.”

“Hao ndio aina mpya,” alisema bila kusita. “Siku hizi kila kitu kinakuja kipya. Dawa mpya, magugu mapya ziwani, magazeti mapya. Kupe wapya washindwe kwa nini?”

Mama alicheka kidogo, puani. Alichota maji kwa kata akanipa, kisha akamnyooshea shemeji yake. Mzee alitikisa kichwa.

“Haya siyanywi, shemeji. Unajua.”

“Ulikuwa unayanywa miaka ishirini.”

“Nilikuwa sijachungulia.”

Baadaye nilijua kwamba mmoja wa wale ndama watatu wa majirani alikuwa wake. Wakati ule nilichoona ni mtu aliyekuwa na haraka na aliyekuwa akijizuia asinionyeshe. Nilimwomba kitu kimoja: kabla hajamwaga, tuchungulie pamoja, tuhesabu pamoja, na atakachokiona yeye nitakiandika kama atakavyosema yeye, neno kwa neno.

“Neno kwa neno?”

“Utasoma mwenyewe kabla sijafunga.”

Aliegemeza bomba kwenye jiwe. Nadhani kilichomvuta ni kuandikwa. Tangu josho lifungwe hakuna aliyekuwa akimwandika popote.

Ufa ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza bega. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya jiwe lililolowa. Niliwasha tochi na kwa muda sikuona kitu, mpaka nilipogundua kwamba doa la kahawia lililokuwa mbele ya uso wangu lilikuwa na macho. Alikuwa amejibandika ukutani kama picha. Sikuogopa, au niliogopa kidogo, lakini udadisi ulikuwa mkubwa zaidi. Nilisogeza penseli taratibu. Kabla mwili haujatikisika, uzi mmoja mrefu ulinyooka kutoka mbele yake, ukagusa ncha ya penseli, ukaipapasa juu na chini kama kipofu anavyopapasa uso wa mgeni, ukarudi. Kisha uzi wa pili ukafanya vilevile.

“Tazama, mzee. Huo ndio ule mguu aliouleta mama.”

Alisukuma kichwa pembeni ya kichwa changu. Alinukia sabuni ya mche na dawa. “Nauona,” alisema.

“Anautembelea?”

Niligusa jiwe nyuma ya mdudu, naye akakimbia, si mbele wala nyuma, bali upande, haraka, kama kaa anavyokimbia kwenye mchanga wa ziwani. Nyuzi mbili zilibaki hewani muda wote.

“Hapana,” mzee alisema. “Anatembelea sita.”

“Mama alimwona akitembea. Jirani alimwona amesimama, akahesabu na hizo nyuzi mbili. Wewe ulimwona akifanya nini?”

“Alikuwa amekamata mende.” Alifikiri. “Kwa ile mikono yenye miiba. Nikaihesabu na mikono.”

“Sita, minane, kumi,” nilisema. “Wote mlisema kweli.”

Nilidhani mambo yameisha. Nilitoka ufani nikaanza kuandika, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mzee naye alitoka, akajifuta vumbi mabegani, akachukua bomba.

“Umenionyesha miguu,” alisema. “Hujanionyesha kwamba hanyonyi damu. Mende leo, kesho ndama. Kuna kitu kinaua wanyama hapa, binti, na sitakiacha kwa sababu ya hesabu nzuri.”

Kitabu changu kilikuwa na mchoro wa kidole gumba na neno moja. Mama, aliyekuwa amesimama muda wote ameshika kata, aliketi chini kwenye ukingo wa kisima, pale pale ambapo dawa ingepita, akakunja kitenge chake magotini.

“Utanimwagia na mimi,” alisema kwa sauti ya kawaida.

“Shemeji, ondoka.”

“Chungulia tena. Ulivyochungulia mara ya kwanza ulikuwa na hasira ya ndama. Sasa hivi ulichungulia kwa kuwa binti alikuomba. Chungulia kwa ajili yako.”

Alisimama pale na bomba mgongoni, kisha akalishusha tena na kunyoosha mkono kutaka tochi. Aliingia peke yake, ndani zaidi kuliko tulivyofika, mpaka tukawa tunaona soli za viatu vyake tu. Alikaa humo muda mrefu. Mwanga wa tochi ulitembea kwenye jiwe, ukasimama mahali pamoja.

“Binti,” sauti yake ilitoka kama mtu anayesema ndani ya mtungi. “Njoo na kile kioo chako.”

Niliingia kwa shida ubavuni mwake. Alikuwa ameelekeza mwanga kwenye mdudu mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, ametulia kwenye mfuko wa jiwe. Mgongoni alikuwa na kitu cheupe kilichofumka kama ugali uliobaki kwenye mwiko. Nilimpa lenzi. Aliishika karibu na jicho lake, na niliona midomo yake ikienda, akihesabu.

“Watoto,” alisema. “Amebeba watoto.”

Niliangalia. Walikuwa wengi, wadogo, weupe, wamejipanga mgongoni mwa mama yao, kila mmoja na nyuzi zake mbili ndogo. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile na sikujua kina maana gani katika ubishi wetu. Yeye alijua.

“Kupe jike akishataga anakufa,” alisema, kwa sauti ya mtu anayejisomea fomu. “Hajui watoto wake. Hajawahi kumbeba mtoto hata siku moja. Miaka yote ile sijaona.” Alizima tochi, tukabaki gizani na maji yakichuruzika. “Huyu si wangu.”

Tulipotoka alizunguka mwamba kwenda zizini walikofungwa ndama wawili waliosalia, nasi tukamfuata. Alimshika wa kwanza shingoni, akalikunjua sikio lake kama mtu anavyokunjua barua, na ndani yake, hadi kwenye mizizi ya nywele, walikuwa wamejaa: kupe wa kawaida kabisa, wadogo, wa kahawia, wa siku zote.

“Mnawaogesha hawa?” alimuuliza mama.

“Kila wiki. Kwa dawa yako.”

“Unachanganya vipi?”

“Kifuniko kimoja cha soda kwenye ndoo. Ulivyoniambia.”

“Ndoo ipi?”

Mama alionyesha. Ilikuwa ndoo kubwa, ile ya lita ishirini. Mzee aliiangalia, akaangalia chupa zake za soda kule kivulini, zisizo na karatasi wala alama ya kipimo. Josho alilolihudumia lilikuwa na alama ukutani, na daftari, na mtu wa kupima nguvu ya dawa kila mwezi. Mtu huyo alikuwa yeye.

“Ndoo yangu mimi ni ya lita kumi,” alisema polepole. “Nilikuambia kwa ndoo yangu.”

Ndama alijikung'uta sikio. Mzee alivua koti lake la buluu, akalitundika kwenye mti wa zizi, akaomba kikombe cha kupimia. Nilikuwa na mrija wenye alama mkobani, nikampa. Mchana wote alipima na kupulizia, akawafuata ndama wa majirani mmoja mmoja kwenye mazizi yao, mbali na kisima, na kila mahali alimtaka mwenye mji amletee ndoo yake kwanza aione.

Alirudi jua limeinama, mikono ameinawa mara mbili kwa sabuni. Mama alikuwa amerudi kukaa palepale ukingoni. Alizamisha kata kisimani akamnyooshea. Mzee aliishika, akaitazama, akanywa karibu yote, na maji yaliyobaki akayamwaga ardhini kama watu wanavyofanya. Matone mengine yaliangukia kaunta buku yangu, iliyokuwa wazi juu ya jiwe.

“Uliahidi nitasoma,” alisema.

Alisoma yote, kidole kikifuata mistari. Alipofika safu ya mwisho aliniomba kalamu. Nilimpa bila kufikiri. Sikuwa nimewahi kumpa mtu safu ile. Aliandika jina lake lote, na mbele yake akaongeza: Mhudumu wa Josho.

Jumatatu mkuu wa shule aligonga mhuri bila maneno mengi. Alisoma barua yangu hadi mwisho, akauliza tu kama ni kweli wanabeba watoto mgongoni, kisha akainama akafungua kidau cha wino. Barua ilisema kwamba wadudu wa ufa wa mwamba ule ni jamaa wa buibui, si kupe, na maji yasimwagiwe dawa. Mama aliikunja mara nne akaifunga kwenye fundo la kitenge.

Mtafiti aliandika kutoka Dar es Salaam baada ya miezi mitatu. Alifurahi sana kuhusu wadudu wale, akataja jina lao la Kilatini, akauliza ni nani huyu aliyethibitisha, kwa kuwa mwandiko si wangu. Nilimjibu kwamba ni mtaalamu wa kupe. Hakuuliza tena.

Nilirudi Usagara miaka miwili baadaye, nikipita kwenda kivukoni, nikashuka nikatembea hadi mwambani. Ndama walikuwa wamekufa wengine katika muda huo, lakini wachache, na hakuna aliyekitaja kisima. Mama alinionyesha karatasi, au mabaki yake. Mchwa walikuwa wameila kutoka ukingoni hadi katikati. Wameacha mhuri.

“Wanajua cha kuacha,” alisema.

Alikwenda kunichotea maji. Kabla ya kuzamisha kata aliigonga kwenye jiwe mara mbili, taratibu. Ndani ya ufa kitu kilisogea upande.

“Bado unahesabu sita?” nilimuuliza.

“Mimi naona sita, mwalimu,” alisema, akanipa kata. “Hizo hesabu nyingine ni zenu.”